Jinsi ya kupima mtoto anavyoishi na wenzake kwa SDQ, dodoso la nguvu na shida za mtoto (fomu ya mzazi na ya mwalimu)

Juzi namsaidia mdogo wangu na data zake za chuo, watoto wa darasa la pili, tunashangaa mtoto mwenye marafiki kibao ndo anatoka na shida kuliko wote. Tulikesha mpaka saa saba usiku, kumbe kosa lilikuwa hatua ya 4.

1. Pakua SDQ. Aliitunga Robert Goodman, Uingereza, 1997, ina maswali 25. Ya karatasi ni bure, kuiweka mtandaoni unahitaji kibali, na mimi hata hivyo napenda karatasi. Usijitafsirie mwenyewe, tumia tafsiri yao.

2. Mzazi na mwalimu kila mtu ajaze yake, namba ya mtoto iwe moja. Mtoto asiwepo jamani! Nimeona mama anajaza huku mwanae kasimama pembeni, kila swali anamwangalia usoni kwanza.

3. Ingiza kwenye Excel: si kweli 0, kweli kiasi 1, kweli kabisa 2.

4. Geuza swali la 7, 11, 14, 21 na 25. Hapa ndo penyewe. La 11 linauliza kama ana rafiki mzuri hata mmoja, la 14 kama watoto wenzake wanampenda, sasa mzazi akijibu kweli kabisa ukaacha ile 2 ikajumlishwa kwenye shida na wenzake, mtoto anaadhibiwa kwa kupendwa. Inatakiwa 2 iwe 0, 0 iwe 2, 1 inabaki. Usigeuze juu ya data yenyewe, fungua safu mpya, sababu mdogo wangu aligeuza, kesho yake akasahau akageuza tena, vikarudi vilevile. Na ukiandika =2-L2 (L2 ni seli yenye jibu unaloligeuza) halafu L2 ni tupu, Excel inaihesabu 0 inakupa 2, yaani swali ambalo halikujibiwa linageuka shida kubwa. Andika =IF(L2="","",2-L2). Kisha chukua fomu tatu uzihesabu kwa mkono, zisipolingana usiendelee.

5. Jumlisha. Kusaidia na kujali wenzake ni 1, 4, 9, 17, 20, alama nyingi ni nzuri. Shida na wenzake ni 6, 11, 14, 19, 23, alama nyingi ni mbaya. Usizichanganye.

6. Mzazi na mwalimu wakipishana usipige wastani, nakuomba. Mtafiti wa saikolojia ya watoto Achenbach na wenzake mwaka 1987 walikusanya tafiti 119, uwiano wa majibu ya mzazi na mwalimu (1 ni kukubaliana kabisa, 0 ni kutohusiana) ukawa kama 0.28 tu, kwa hiyo kupishana ni kawaida. Nyumbani anambembeleza mdogo wake na kumgawia chakula, darasani hafungui mdomo, wote wawili wamesema kweli. Weka safu mbili, ripoti zote, na pale tofauti ni kubwa nenda shuleni wakati wa mapumziko ukaangalie anacheza na nani.