Volontia asiumie na asiumize mtu: mwongozo wa hatari kwa taasisi ndogo za Tanga

Wadau habari zenu. Wenzangu wengi wa taasisi ndogo hapa Tanga, hasa wanaoanza kuchukua vijana wa kujitolea, wananiuliza namna ya kuandaa ule mpango wa kudhibiti hatari ambao wafadhili huwa wanauomba. Wengi wanadownlodi wa taasisi nyingine, wanabadilisha jina, wanaprinti, kesi imeisha. Karatasi ya hivyo haina kazi. Mfadhili ataisoma mara moja, lakini kijana aliyezama kwenye tope mpaka mapajani kule Sahare hawezi kuitoa mfukoni aanze kusoma. Mimi nitaeleza tunavyofanya kazi kwa kazi, na mfano wangu mkubwa utakuwa siku ya kupanda mikoko kwasababu pale hatari karibu zote zinakutana.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi, sio mradi

"Utunzaji wa mazingira ya pwani" ni jina la mradi. Kazi ni kupakia miche kwenye kirikuu, kushuka nayo kwenye tope, kuchomeka, kugawa maji ya kunywa, kupiga picha, kugawa nauli, kuwarudisha watu mjini. Ziandike zote hata zile unazoona za kijinga, na uziandike pamoja na watu wawili watatu wanaozifanya kwa mikono yao, maana ofisini hujui kama kirikuu huwa kinapakia miche chini na vijana juu yake. Hiyo ya kukaa juu ya mzigo ni hatari kubwa kuliko bahari yenyewe na hakuna anayeiandika.

Kwa kila kazi jiulize: volontia anaweza kuumia vipi? Anaweza kumuumiza nani? Na sisi tunaweza kupoteza nini, hela, jina au kibali? Watu wengi wanaishia swali la kwanza tu, wakati la pili ndo linalofunga taasisi.

Kwenye vibali usijisahau. Mikoko ni msitu wa hifadhi na iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwahiyo hata kama nia yako ni kupanda na sio kukata, anzia kwao, alafu serikali ya mtaa au kijiji, na kama kuna BMU eneo lile, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, waambie mapema. Hao BMU ndo watakuambia wapi tope linameza mtu na wapi unapita.

Hatua ya 2: Ipe kila hatari namba

Uwezekano wa kutokea 1 mpaka 5, ukubwa wa madhara 1 mpaka 5, zidisha. Kukatwa na chaza waliong'ang'ania kwenye mizizi tunaweza kuipa 4 mara 2, inakuwa 8. Kukwama kwenye tope maji yanarudi, labda 2 mara 5, inakuwa 10. Namba zenyewe sio sayansi, faida yake ni kuwafanya watu wabishane, na mabishano hayo ndo yanatoa vitu vilivyofichika. Sisi tuna sharti moja la nyongeza: chochote chenye madhara ya 5, yaani mtu anaweza kufa au mtoto kudhalilishwa, lazima kiwekewe mpango hata kama uwezekano wake ni 1. Ukifuata hesabu peke yake utajikuta unanunua plasta nyingi na huna boya hata moja.

Hatua ya 3: Amua utaifanyaje

Una njia nne tu. Uiache hiyo kazi kabisa, uipunguze hatari yake, uihamishie kwa mwingine (bima, au kumlipa mwenye chombo na leseni), au uikubali ilivyo. Andika uliyochagua na jina la mtu atakayesimamia. Jina la mtu, sio "kamati".

Hatua ya 4: Panga siku kwa kufuata maji

Hapa nitakaa kidogo. Huku kwetu maji hutoka vizuri siku za bamvua, karibu na mwezi mpya na mwezi mpevu, na kwa siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, alafu kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua moja na nyingine, usipange kabisa, hayatoki ya kutosha. Kwahiyo ukipata siku ya bamvua, unataka watu waingie maji yakiwa bado yanatoka, tuseme saa mbili na nusu, na saa tano kasoro wawe wanatoka. Usipange tarehe kwanza alafu ndo uulize maji, na ukishaangalia jedwali la maji muulize na mvuvi wa palepale, maana mikondo ya Tongoni anaijua yeye.

Sasa tatizo. Ratiba inasema saa mbili na nusu, mgeni rasmi anafika saa nne na robo, kuna utambulisho, kuna risala, kuna hotuba, kuna kikundi cha ngoma, vijana wamekaa juani tangu asubuhi hawajanywa kitu, ikifika saa tano na nusu ndo mnaambiwa sasa tukapande, na maji hayo yanarudi. Hakuna atakayesema tuahirishe kwasababu mgeni yupo na kamera zipo. Kwa maoni yangu hii ndo hatari namba moja ya shughuli za kujitolea pwani yetu na sijawahi kuiona kwenye fomu yoyote ya mfadhili. Dawa yake iwekwe kwenye barua ya mwaliko: upandaji unaanza saa fulani kwasababu ya maji, mgeni akichelewa hotuba itafanyika baada ya kupanda. Viongozi wakielezwa mapema kwa heshima wanaelewa, wengi wao wamezaliwa huku huku.

Alafu chagua mtu wa maji. Awe mzaliwa wa pale, anayejua tope na mikondo, mpe filimbi. Akipiga, watu wanatoka, na hakuna mwenye mamlaka ya kumpinga, si mratibu, si mgeni, si mpiga picha anayeomba "moja ya mwisho". Yeye asipande hata mche mmoja, kazi yake ni kutazama.

Mengine nayapitia haraka. Watu waingie wawili wawili na vichwa vihesabiwe wakiingia na wakitoka. Viatu viwe raba za kufunga kamba zilizochakaa, maana gambuti zinanaswa na tope unabaki umesimama, yeboyebo zinavuka, na peku utachanwa na chaza. Kama mnavuka kwa boti kwenda kisiwa cha Toten au popote, kila mtu na boya lake limevaliwa, sio limekaliwa. Asiyejua kuogelea aseme mapema na asichekwe.

Hatua ya 5: Wajue watu wako

Fomu ya kujiunga iwe na namba ya NIDA, wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, na mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Uliza kuhusu afya: pumu, kifafa, kisukari, seli mundu, ujauzito, dawa zinazomdhuru. Sio ili umkatae mtu, ni ili umpangie kazi inayomfaa. Na majibu hayo yasitupwe kwenye grupu la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni za kulindwa zaidi, kwahiyo ziwe kwenye kabati la kufunga na funguo anazo mtu mmoja.

Kama volontia atakutana na watoto, iwe tuisheni, michezo au madrasa, kaza zaidi. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18, kwahiyo hata yule volontia wako wa kidato cha nne mwenye miaka 17 ni mtoto, anahitaji ridhaa ya mzazi na ulinzi kama wengine. Dai cheti cha tabia njema cha polisi kwa watu wazima. Mtu mzima mmoja asibaki peke yake na mtoto, wawe wawili, au wawe mahali wanapoonekana. Hakuna kuchati na watoto kwa simu binafsi, hakuna kumpakia mtoto kwenye boda "nikusogeze nyumbani", hakuna picha bila ruhusa ya mzazi.

Ikitokea tuhuma usianze kuchunguza wewe na usiite kikao cha wazee. Mtoe mtuhumiwa kwenye kazi siku hiyohiyo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii na polisi, au piga 116, ile namba ya msaada kwa mtoto. Kuna watakaokuja na maneno ya yaishe tuyamalize kifamilia, na watakuja kwa upole sana, wengine ni jirani zako, wengine ni mashehe na wachungaji unaowaheshimu. Waambie shikamoo, wasikilize, na bado nenda polisi.

Hatua ya 6: Hela, bima na wageni

Nauli itumwe kwa simu au isainiwe kwenye orodha, volontia asitembee na fungu la wenzake. Tafuta bima ya ajali ya kikundi, kampuni za bima zinatoa hata ya muda mfupi. Usidhani mchango wa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) unaolipia waajiriwa unamfunika na volontia, uliza kabla. Ile fomu ya "nimekubali hatari zote" mtu asaini tu, inasaidia kuonyesha alielezwa, ila haifuti uzembe wako. Na mgeni kutoka nje asifanye kazi ya kujitolea kwa viza ya utalii, kibali cha ukaazi cha watu wa kujitolea ni daraja C, mtume Uhamiaji kabla hajashika jembe.

Hatua ya 7: Asubuhi ya kazi

Dakika kumi za maelezo kabla ya kugawa vifaa, maana wakishapewa glovu hawasikilizi tena. Sema mtu wa maji ni nani, boksi la huduma ya kwanza liko wapi, gari lipi limebaki kwa ajili ya dharura na dereva asiondoke kwenda kula, hospitali ni ipi (sisi wa mjini wengi tunaelekea Bombo).

Kwenye usafi wa fukwe ongeza la sindano. Hazishikwi kwa mkono, zinaokotwa kwa koleo na kuwekwa kwenye chombo kigumu, sio kwenye kiroba. Mtu akichomwa, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue kidonda, apelekwe hospitali palepale. Dawa kinga ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kadri inavyowahi ndo inafanya kazi vizuri, alafu inamezwa kwa siku 28. Waambie kuhusu pepopunda pia. Watu wanaficha kuchomwa kwasababu ya aibu, kwahiyo waeleze wazi kwamba gari na gharama ni za taasisi.

Hatua ya 8: Daftari la matukio

Counterbook ya kawaida inatosha. Tarehe, mahali, nini kimetokea, nani alikuwepo, kilifanyika nini. Muhimu zaidi andika na zile za nusura: tairi lilipasuka hakuna aliyeumia, kijana alikwama akavutwa, mtoto alipotea dakika kadhaa akapatikana kwa muuza madafu. Usiandike kwa lengo la kumtafuta mchawi, ukifanya hivyo mara moja tu hawatakuambia tena. Likae mahali ambapo hata dereva anaweza kuandika bila kuomba ruhusa.

Kila baada ya miezi mitatu, na lazima kabla ya masika, fungua daftari pembeni ya ile orodha ya hatua ya 1 mrekebishe namba. Ukishaprinti mpya andika tarehe juu, na ile ya zamani ibandue ukutani uitie faili, maana zikikaa mbili watu watafuata ile waliyoizoea.