Pawa kubwa ya miti mikubwa: lipia injini, usilipie urefu wa baa

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kapsabet alinikuta hapa Elburgon, Kenya, nikipiga cheni tupa. Akatua pawa yake, Stihl MS 250, mezani na kuuliza kabla hata ya kuketi: "Mzee, hii nikiivalisha baa ya inchi 25, si itaangusha ule mkaratusi wa babu?" Nikamwambia akae kwanza, chai iko njiani.

Pawa, kwa msomaji wa mbali, ni msumeno wa injini wenye cheni. Nimeushika kwa miaka ishirini na ushei, na swali la kijana yule nimelisikia kwa watu wazima wenye vipara. Mtu akiona mti mnene, anawaza baa ndefu. Lakini baa ni reli tu ya kupitishia cheni. Kazi yote ni ya injini, na injini ndogo ikifungwa baa ndefu ni kama punda aliyefungwa lori.

Nalijua hilo kwa sababu nililipia. Nilikuwa na mashine ya CC 60 na kitu (CC ni ukubwa wa injini), nikainunulia baa ya inchi 30 kwa kuwa mwenye duka alisema itaingia. Kuingia iliingia. Tukafika Tiriki kwenye mkaratusi wa kwanza, baa ikazama nusu, injini ikaanza kukwama. Nikakandamiza. Klachi ikatoa moshi, na ncha ya baa ikageuka buluu kwa joto, maana pampu ya oili ya mashine ile haikuundwa kulowesha cheni ndefu hivyo mpaka mbele. Mti tuliumalizia kwa shoka, kijiji kizima kikitazama, watoto wakishangilia kila pigo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, nenda shambani na kamba. Izungushe kwenye shina usawa wa kifua, pima urefu wake, gawa kwa tatu na kidogo (3.14). Kamba ya mita 3 ni mti wenye upana wa sentimita 95 hivi, yaani inchi 37. Sasa usikimbilie baa ya inchi 40! Mti mkubwa hukatwa kwa kuzunguka: unaanza upande mmoja, unahamia wa pili, mikato inakutana. Baa ya inchi 25, ambayo ni sentimita 63, inaumaliza mti huo na inabaki nafasi ya kukosea kidogo.

Halafu jiulize unakata miti gani mara nyingi, si upi mkubwa kuliko yote. Msimu mmoja niliandika kila mti kwenye daftari la mkopo wa mama watoto (aliniuliza, nikamjibu ni utafiti). Mingi ilikuwa saiprasi na mikaratusi isiyofika sentimita 60. Mizee ya mita moja niliihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ukinunua mashine kwa ajili ya ile mitano, utaibeba mgongoni kwa ajili ya ile mingine yote.

Hivi ndivyo ninavyozipanga. MS 250 ya kijana ina CC 45 na kilowati 2.3. Ni mashine nzuri ya matawi na kuni, na baa yake ni ya inchi 16 au 18, basi. Ngazi inayofuata ya maana, kwa mtu anayekula kwa kazi hii, ni CC 70 na kidogo: Stihl MS 381 na MS 382, au Husqvarna 372 XP. Hapo unapata karibu kilowati 4 kwa kilo sita na nusu hivi bila baa, na baa ya inchi 20 hadi 25 inakaa bila malalamiko. Juu yake kuna CC 90 na zaidi, kama MS 661 na Husqvarna 395 XP, zenye uzito kati ya kilo saba na nane, za baa ya inchi 25 hadi 36. Kisha majitu yenyewe, MS 880 na Husqvarna 3120 XP, karibu CC 120 na kilo kumi.

Tazama hesabu hii ambayo wauzaji hawaisemi. Ukitoka MS 250 kwenda MS 381 unaongeza zaidi ya kilowati moja na nusu kwa kilo mbili tu. Ukitoka MS 661 kwenda MS 880 unaongeza kilowati moja, nayo inakuongezea zaidi ya kilo mbili mkononi. Jitu lile ni la kupasulia magogo likiwa limelazwa juu ya gogo. Kuliinua usawa wa kiuno kutwa nzima ukizunguka shina, huku mteremko unakuvuta, hiyo ni adhabu.

Na kupasua ndiko kunakowapoteza wengi, kwa sababu huku kwetu pawa hiyohiyo inayoangusha mti ndiyo inayopasua mbao palepale shambani. Kukata gogo kwa upana ni kazi nyepesi. Kulipasua kwa urefu, kufuata nyuzi, kunakula nguvu zaidi na kunaweka injini kwenye mzigo mzito dakika nyingi mfululizo. Kama nusu ya kipato chako ni mbao, anzia CC 90. Kama wewe ni wa kuangusha na kukatakata tu, CC 70 zinatosha, na chenji itakayobaki nunua kofia yenye wavu na vikinga masikio, na suruali ya kinga, ile ambayo nyuzi zake zinanasa cheni na kuisimamisha kabla haijafika pajani.

Kuhusu ile Stihl 070 ya zamani, CC 106, ambayo kila mzee wa mbao ana hadithi yake: inavuta kama trekta, sikatai. Lakini nyingi ninazokutana nazo hazina breki ya cheni, na mtetemo wake unakuacha na vidole vilivyokufa ganzi mpaka usiku. Nimekataa kuinunua mara mbili. Breki ya cheni ndiyo inayokuokoa pale ncha ya juu ya baa inapogusa tawi na mashine kukupiga teke kuelekea usoni. Mashine kubwa hupiga teke kubwa.

Sasa jambo ambalo mtu wa Nakuru na mtu wa Kisumu lazima walijue, na halimo kwenye bango la duka lolote. Injini inapumua hewa, na hewa ya juu ni nyembamba. Hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo, Nakuru mjini karibu 1,850, Molo karibu 2,500. Ukiipigia hesabu, pawa inayosifiwa kwenye karatasi ya kiwandani inafika Molo ikiwa imepungukiwa karibu robo ya nguvu. Mashine iliyomtosha shemeji yako kule chini Ahero huenda isikutoshe wewe huku juu Mau.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Huku juu fundi hupunguza petroli kwenye kabureta, kwa ile skrubu yenye herufi H, ili ilingane na hewa nyembamba. Niliwahi kuitwa Kisumu kuangusha miti mizee kwenye kiwanja kimoja karibu na ziwa, nikashuka na mashine yangu ikiwa bado na mpangilio wa Molo. Asubuhi ilikuwa na sauti tamu, kali kuliko kawaida, nikafurahi kama mjinga. Kumbe inaungua. Hewa nzito ya ziwani, petroli kidogo, na oili inayolainisha pistoni ndiyo hiyo iliyomo ndani ya petroli. Kabla ya saa sita pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Tangu siku hiyo nikishuka nafungua H kidogo kabla ya kuwasha, kisha naisikiliza. Ikiwa imeachiliwa mafuta yote bila mzigo, inapaswa kugugumia kidogo, na ikiingia kwenye mti inyooke. Mashine mpya zenye M-Tronic au AutoTune hujipanga zenyewe, na ni raha. Ila zikiugua, fundi wa jua kali hana kifaa cha kuzipima, utapanda matatu hadi kwa wakala.

Mchanganyiko usiubahatishe. Kwa oili ya Stihl yenyewe ni moja kwa hamsini, mililita 100 kwenye lita 5 za petroli. Pima kwa chupa yenye alama, kifuniko cha soda si kipimo. Na kwenye tangi la cheni, acha kumwaga oili chafu iliyotolewa kwenye gari. Ina unga wa chuma unaotafuna pampu, na unairushia mikono na uso wako kutwa nzima. Oili mpya ya bei nafuu ni bora mara kumi.

Cheni nayo ina hesabu zake. Baa ya inchi 25 ya Stihl, ya cheni ya 3/8 (nafasi kati ya viungo, kwa inchi), inahitaji cheni yenye viungo 84 vya chini, vile vinavyopita kwenye mfereji wa baa. Baa ya inchi 24 ya Husqvarna nayo ni viungo 84. Kijana akiona namba zimelingana ananunua. Akifika shambani, cheni haiingii, kwa kuwa ya Stihl kwa kawaida ina unene wa milimita 1.6 na mfereji wa baa ile ya Husqvarna ni wa milimita 1.5. Soma namba tatu zilizochongwa kwenye shingo ya baa, zote, kabla hujatoa pesa. Kama unafanya kazi ya mvule kule Busia na Siaya, beba cheni mbili zaidi ya ulizozoea. Mvule hujijengea mawe ndani ya shina, mawe kweli ya chokaa, huyaoni kwa nje, na yanamaliza meno ya cheni kwa sekunde moja. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu alipigilia msumari.

Wengi wetu hununua mitumba, kwa hiyo ipime hivi. Kwanza zima mashine, ishike kwa kamba ya kuwashia na uiachie ining'inie. Ikishuka polepole kwa vishindo, kompresheni iko. Ikiporomoka kama ndoo kisimani, rudisha pesa mfukoni. Pili, omba ekzosi ifunguliwe, skrubu mbili tatu tu, uchungulie pistoni kwa tochi. Unataka uso laini. Mikwaruzo ya kusimama maana yake ilishawahi kushikana, kama yangu ya Kisumu. Tatu, shika sproketi, lile gurudumu la meno linalozungusha cheni, uitikise, isicheze. Mwisho gonga breki ya mbele kwa mkono, cheni ikiwa inazunguka, ione ikisimama papo hapo. Muuzaji asiyekubali ekzosi ifunguliwe amekwisha kukujibu.

Mashine kubwa haikupi ruhusa ya kusahau adabu za mti. Mdomo, ule mkato wa kwanza wenye pembe, uingie kama robo ya unene, upande unaotaka mti uangukie. Bawaba, ile sehemu ya mbao unayoiacha bila kukatwa, iwe sehemu moja ya kumi ya unene: sentimita 9 au 10 kwa mti wetu wa kamba ya mita 3. Kabari ziwe za plastiki au mti mgumu, si chuma, maana cheni itazigusa siku moja. Mkaratusi ulioinama ndio ninaouogopa hata leo. Ukiukata kwa nyuma kama kawaida, unapasuka katikati kabla haujaisha na kipande kinaruka nyuma usawa wa kidevu. Hapo ndipo injini yenye nguvu inapojilipa: baada ya mdomo, unachoma baa kupitia katikati ya shina, ukianza na sehemu ya chini ya ncha, unatengeneza bawaba, unaacha ukanda nyuma umeushikilia mti, kisha ukanda huo unaukata mwisho. Mti unaondoka wote kwa mara moja. Jifunze jambo hilo kwa mtu aliyelifanya, ukiwa umesimama kando yake, na kwanza kwenye mti ulionyooka. Watu wengine wakae umbali wa urefu wa mti mara mbili. Mkaratusi wa mita 40 unawataka mita 80, akiwemo yule mzee wa jirani anayetaka kushauri.

Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji kwenye misitu ya umma, wengi wetu tulihamia mashamba ya watu, ambako miti mikubwa iko karibu na nyumba na nyaya za umeme. Pita kwa chifu na kwa ofisi ya Huduma ya Misitu kabla ya kuwasha mashine, na upate kibali cha kusafirisha kabla ya kupakia lori. Gogo lililokamatwa barabarani halina baa ya kuliokoa.

Kijana wa Kapsabet alikunywa vikombe viwili, akapima kamba ya mkaratusi wa babu kwa simu, mdogo wake akiwa kule shambani: mita 2 na sentimita 60. Akanunua ya CC 72 yenye baa ya inchi 20, na kwa mti ule mmoja nikamwazima baa yangu ya 25 na cheni yake. Mti ulianguka Jumamosi, pale ulipotakiwa, kati ya ghala na choo. Baa alirudisha. Tupa yangu bado iko kwake.