Somo: Tembe za kuzuia kifua kubana (anjaina), na masaa ya kuzimeza

Jamani naandika mara moja, maana tangu niseme kua namuuguza babangu wa moyo kila wiki naulizwa swali lile lile: tembe zamezwa saa ngapi? Mimi si daktari. Mzee ana anjaina mwaka wa 5 sasa, dawa yake isosobaidi mononaitreti, miligramu 20, mara 2 kwa siku. Ya mgonjwa wako yaweza kua nyengine.

1. Hii ni ya kuzuia. Yalegeza mishipa, hasa ile inayorudisha damu moyoni, basi moyo hauelemewi na mtu apanda ngazi bila kifua kumbana. Kikishabana tembe ya kumeza haiwahi, inayowahi ni ile ya chini ya ulimi au ya kupuliza.

2. Meza na maji. Ukiinuka inuka polepole, kizunguzungu.

3. Kichwa kitauma siku za mwanzo. Mzee alipewa Panadol na baadaye kikaacha.

4. MASAA. Hapa ndipo nilipokosea. Karatasi ilisema mara 2 kwa siku, nami nikapanga kama antibayotiki, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, nikaona nimefanya la maana. Wiki chache mzee akawa sawa, kisha kifua kikarudi, akitoka msikitini mpaka akae kwenye baraza za watu mara mbili ndio afike nyumbani. Nikadhani ugonjwa umezidi kumbe mwili ushaizoea dawa. Naitreti (ndiyo jamii ya dawa hii) ikikaa mwilini usiku na mchana mishipa haiisikii tena, lazima kila siku yapite masaa 10 hadi 14 ikiwa imeshuka. Daktari hakuongeza dozi, alisogeza tembe ya pili tu ikawa saa 9 mchana, na mzee akarudi kutembea. Kwa hivo USIGAWE siku nusu kwa nusu, na uliyoisahau usiifidie usiku. Anayebanwa usiku amwambie daktari, pengo lake laweza kupangiwa wakati mwengine. Ya plasta pia ina masaa yake ya kubanduliwa.

5. Ile ya kutoka polepole, ya mara moja asubuhi, usiisage wala kuitafuna.

6. Usiache ghafla bila daktari kujua.

MASWALI

Kijana_Likoni: sasa mamangu nimpe asubuhi na usiku ama?
— Soma namba 4.

Kijana_Likoni: si unambie saa tu
— Sikwambii. Dawa yake siijui, na babangu nilimrudisha nyuma kwa kukisia. Muulize aliyemwandikia, leo.

Jirani_Majengo: samahani, na zile dawa za nguvu za kiume?
— Usione haya ndugu yangu, umeuliza la maana. HAPANA kabisa. Viagra na jamaa zake zikikutana na naitreti presha yaporomoka, mtu aweza kufa. Na zile asali za nguvu zinazouzwa, baadhi zimepatikana zimetiwa dawa hiyo hiyo bila kuandikwa. Aliyetumia akafikishwa hospitali na kifua aseme, asifiche hata mbele ya mkewe.

Binti_Kisauni: Shukran sana kakangu. Ramadhani mwafanyaje? Babangu hasikii la mtu, lazima afunge.
— Sisi twaenda kiliniki Shaabani, mwezi haujaandama. Kwanza daktari aseme kama mzee ataweza kufunga, kisha apange dawa. Wetu alibadilishiwa ya mara moja kwa siku, akawa ameza daku. Usizisogeze mwenyewe kati ya futari na daku. Na kifua kikibana, hata magharibi imebaki dakika 5, atumie ya chini ya ulimi.

Binti_Kisauni: Hiyo ya ulimi huifunga kwa kikaratasi mfukoni.
— Mwambie airudishe kwenye chupa yake ya kioo dadangu, kifuniko kikaze. Hewa, mwanga na joto hili letu vyaiua nguvu. Akibanwa akae chini kwanza, aweke moja, dakika 5 zikipita hakijaachia msingoje, hospitali.

Binti_Kisauni: Nitamwambia leo. Nami nikupe yangu, babangu hasomi saa, tembe ya pili nimemfungia na adhana ya alasiri. Daktari alikubali, na hajasahau tena.
— Maashallah, hii sikuifikiria. Alasiri kwetu haihami sana mwaka mzima. Naiongeza namba 4 sasa hivi.