Joto linaruka feni ikiwaka? Tazama volti rejea kabla ya kununua sensa nyingine

Ndugu zangu, wengi mnaojenga vipimajoto vya mabanda ya kukaushia karafuu mnalalamikia ugonjwa mmoja: joto ni 30, feni ikiwaka linakuwa 31 na ushei, ikizima linarudi. Mnakimbilia kubadilisha LM35, ile sensa ya joto, na maskini haina kosa.

ADC, yaani kigeuzi cha ishara kuwa namba, iliyomo ndani ya ATmega328P, chipu ya bodi ya Arduino Uno, haijui volti. Inaigawa volti rejea vipande 1,024, kisha inahesabu vipande vingapi vinaenea kwenye ishara ya sensa. Usipoiambia vingine, rejea yake ni zile volti 5 za bodi. Sasa pima karafuu mbichi kwa pishi inayonywea: mchumaji ataonekana kachuma nyingi, na karafuu ni zile zile. LM35 hutoa milivolti 10 kwa digrii, hivyo digrii 30 ni milivolti 300, hesabu ya 61. Volti 5 zikishuka hadi 4.75, milivolti hizo hizo zinasomeka 64, na programu inaandika digrii 31.

Hatua ya 1. Weka multimita kati ya AREF, pini ya volti rejea, na ethi. Washa feni, zima feni. Namba ikicheza hapo, mgonjwa umempata. Ikitulia, kagua nyaya za sensa.

Hatua ya 2. Feni isile volti 5 za bodi. Ipe chaja yake, na ethi zikutane pahala pamoja tu, karibu na chanzo cha umeme. Wengi wenu mtapona hapa.

Hatua ya 3. Kwa LM35, tumia rejea ya ndani: andika analogReference(INTERNAL). Hiyo ni volti 1.1, na LM35 kwenye digrii 100 inatoa volti 1 tu, kwa hiyo inaenea. Kipande kimoja kinakuwa kama milivolti 1.07, yaani sehemu ya kumi ya digrii. Ila chipu hazifanani, rejea hii yaweza kuwa popote kati ya 1.0 na 1.2. Pima AREF, na namba utakayoiona ndiyo uiandike kwenye programu. Usomaji wa mwanzo mwanzo baada ya kubadilisha rejea, utupe.

Hatua ya 4. Sensa ikitoa zaidi ya volti 1.1, weka TL431, chipu ndogo ya kutoa rejea iliyotulia, ya volti 2.495 kwenye AREF, kwa rezista ya kiloomu 1 kutoka volti 5. Tanguliza analogReference(EXTERNAL) kwenye programu, ipakie, ndipo uunge waya. Ukigeuza mpangilio huo unagonganisha volti mbili ndani ya chipu, na chipu yaweza kufa.

MASWALI

Chake Chake: Maalim, TL431 yangu inasoma 2.49 imetulia kimya, lakini namba bado zinacheza.

Jibu: Multimita inakupa wastani, haikuonyeshi mtetemo. Igeuze ipime AC hapo hapo. Uno ina kapasita ya nanofaradi 100 kwenye AREF, na TL431 ina tabia ya kutetema ikibebeshwa kapasita ya kiasi hicho, kutegemea mkondo. Kwa hiyo wanaokwambia "ongeza kapasita ndogo" wanaweza kukuzidishia. Ongeza ya mikrofaradi 10. Au tafuta LM4040, chipu nyingine ya rejea, hiyo haichagui kapasita.

Paje: Darajani nimekosa kiloomu 1, nimeweka 4.7. Rejea inapanda na kushuka.

Jibu: Lazima, mdogo wangu. TL431 inataka angalau miliampea 1 ndiyo ishike, nawe unaipa nusu. Unga rezista tatu za 4.7 sambamba, utapata karibu miliampea 1.6.

Nungwi: Yangu inakaa bandani pwani. Asubuhi inapotea, mchana inakaa sawa.

Jibu: Kama hatua ya 1 haikuonyesha kitu, tazama chumvi. Ikipata umande wa usiku inavujisha mkondo baina ya pini. Zima umeme, sugua bodi kwa brashi na spiriti, ikauke vizuri, kisha ipake vanishi ya bodi. Soketi na swichi usizipake.