Jinsi ya kuomba kutambuliwa kuwa mrithi wa cheo cha kikabaila cha Uskoti

Alfajiri ya 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll (Earl ni cheo cha juu cha kikabaila, na mwanamke mwenye cheo hicho huitwa Countess), alikutwa ndani ya gari lake nje ya Nairobi, upande wa Karen na Ngong, amepigwa risasi kichwani. Kesi ya mauaji yale bado inasimuliwa Kenya: Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa na mahakama ikamwachilia. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ya vyeo vya marehemu. Hakuwa na mtoto wa kiume. Binti yake wa pekee, Diana, msichana wa miaka 15, alirithi cheo kikubwa na kuwa Countess wa 23 wa Erroll. Cheo kingine cha baba yake, cha Baron Kilmarnock, hakikumfikia. Kilikwenda kwa baba mdogo wa Diana, Gilbert, ambaye baadaye aliacha jina la Hay na kujiita Boyd.

Aliyekufa ni mmoja, warithi wakawa wawili, na kila mmoja alikuwa na haki kamili. Ukielewa kwa nini, umeshaelewa sehemu ngumu kuliko zote ya maombi haya. Mwongozo huu ni kwa wenye babu wa Kiskoti katika ukoo, kwa wanafunzi wa sheria na historia, na kwa yeyote aliyeambiwa na wazee kwamba "sisi tuna ulodi kule kwao" na anataka kujua njia ya kulithibitisha hilo.

Kwanza, tafuta hati iliyoanzisha cheo

Wengi huanza kwa kukimbilia vyeti vya kuzaliwa. Usifanye hivyo. Kila cheo kina maneno yake ya urithi, yaliyoandikwa siku kilipotolewa, na maneno hayo ndiyo yanayoamua nani anafuata. Sheria ya jumla ya mirathi haiyagusi. Sheria ya Mirathi ya Uskoti ya 1964 iliondoa upendeleo wa kifungua mimba wa kiume katika ardhi, lakini vyeo ikaviacha nje.

Uearl wa Erroll ulitolewa mwaka 1452 na Mfalme James II kwa William Hay. Ukoo huo ulikuwa na heshima hata kabla ya hapo, kwani Robert Bruce alimpa Gilbert Hay wadhifa wa Konstebo Mkuu wa Uskoti mwaka 1314, uwe wa kurithiwa. Kabla ya Uskoti na Uingereza kuungana mwaka 1707, Mskoti mwenye cheo aliweza kukirudisha kwa mfalme na kukipokea upya kikiwa na orodha mpya ya warithi. Earl wa 11 wa Erroll, ambaye hakuwa na mtoto, alifanya hivyo katika karne ya 17. Ndiyo maana Earl wa 13 alipokufa mwaka 1717 bila mtoto, dada yake Mary alirithi bila kizuizi. Mary naye alipofariki mwaka 1758, cheo kikaenda kwa James Boyd, mjukuu wa dada yake. Baba wa kijana huyo, Earl wa Kilmarnock, alikuwa amekatwa kichwa London mwaka 1746 kwa kuunga mkono uasi wa Wajakobo, waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye ufalme, na cheo chake kikataifishwa. Mtoto akapata kupitia upande wa kikeni kikubwa kuliko alichopoteza upande wa baba.

Ubaron wa Kilmarnock uliotengana na uearl mwaka 1941 ni kitu tofauti. Ulitolewa mwaka 1831 kwa Earl wa Erroll wa wakati huo, chini ya utaratibu wa Ufalme wa Muungano, na hati yake ilitaja warithi wa kiume tu. Diana asingeweza kuupata kwa hoja yoyote ile.

Hati za zamani za Uskoti utazitafuta katika Rejista ya Muhuri Mkuu, ambayo iko Edinburgh katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka za Uskoti. Nyingi ni za Kilatini, kwa hiyo mlipe anayeijua lugha hiyo kuliko kubahatisha. Tafuta sehemu inayotaja warithi. "Warithi wa kiume wa mwili wake" huwafunga nje mabinti na uzao wao. "Warithi wa mwili wake" huwaingiza mabinti pale wana wanapokosekana. "Warithi wa kiume" bila neno mwili huweza kufika hadi kwa binamu wa mbali, mradi mstari usipite kwa mwanamke.

Hati ikiwa imepotea, mambo huwa mazito. Earl wa Mar alipokufa mwaka 1866 bila mtoto, mpwa wake aliyetokana na dada yake alijitokeza, na ndugu wa kiume wa mbali, Earl wa Kellie, naye akajitokeza. Mwaka 1875 Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge, liliamua kwamba cheo ni kile alichokitoa Malkia Mary mwaka 1565, na kwamba ni cha wanaume tu. Kellie akashinda. Watu waliojua historia ya Mar hawakukubali, na mwaka 1885 Bunge likapitisha sheria maalumu kuurudisha uearl wa kale kwa mpwa. Hadi leo kuna uearl wa Mar mara mbili, kila mmoja na mwenyewe. Kwa maoni yangu mpwa alidhulumiwa miaka hiyo kumi, na funzo kwa mwombaji ni moja: hoja ya kihistoria ikae kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, isingojee kuulizwa.

Pili, chora nasaba na uyafunge matawi yaliyo mbele yako

Kuonyesha kwamba wewe ni uzao wa Earl fulani ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kuthibitisha kwamba kila aliyekutangulia katika mstari amekufa na hakuacha mrithi anayestahili. Kama babu yako alikuwa mtoto wa tatu, utahitaji ushahidi wa kifo cha wa kwanza na wa pili, na wa uzao wao. Kaka aliyehamia Kanada au Australia na kukatika mawasiliano lazima afuatiliwe hadi mwisho wake.

Uskoti ina kanuni zake hapa. Pale cheo kinaporuhusu mabinti, binti mkubwa huchukua chote peke yake, tofauti na baadhi ya vyeo vya Uingereza ambavyo mabinti wakiwa zaidi ya mmoja hubaki vikining'inia bila mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wazazi kuoana aliweza kuhalalishwa na ndoa yao ya baadaye, na kwa cheo cha Kiskoti hilo linaweza kumfanya mrithi. Mtoto wa kuasili hawezi kurithi. Kubadili jinsia kisheria hakubadili mwendo wa cheo, kwani sheria ya 2004 ya kutambua jinsia inasema hivyo waziwazi.

Usikate tamaa haraka ukikosa cheti cha ndoa cha kanisa. Hadi katikati ya mwaka 1940 Waskoti waliweza kuoana kihalali kwa kutamka tu mbele ya mashahidi kwamba wamekubaliana, bila kasisi. Ndoa za namna hiyo zilithibitishwa kwa barua, kwa ushahidi wa majirani, au kwa amri ya mahakama, na karatasi hizo mara nyingine bado zipo.

Vinasaba navyo vimeingia. Mwaka 2016 Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha, jopo la majaji wa juu wa Uingereza, ilitoa uamuzi juu ya mgogoro wa ubaroneti (cheo cha kurithi kilicho chini ya ubaron) wa Pringle wa Stichill, cheo cha Kiskoti cha mwaka 1683. Vipimo vilivyochukuliwa kwa ajili ya utafiti wa ukoo vilionyesha kwamba tawi lililokuwa limeshikilia cheo kwa miongo mingi halikutoka kwa baba aliyeandikwa. Majaji waliupokea ushahidi huo na cheo kikahamia kwa binamu. Kabla ya kupima, kaeni kama familia mlizungumze, kwa sababu jibu likishatoka halirudi ndani.

Tatu, kusanya vyeti

Usajili wa serikali Uskoti ulianza 1 Januari 1855. Vyeti vyao ni hazina. Cheti cha kifo hutaja baba wa marehemu, na mama yake kwa jina la ukoo aliozaliwa nao, kiasi kwamba karatasi moja huunganisha vizazi viwili. Ukibahatika na cheti cha mwaka wenyewe wa 1855, utakuta hata majina ya watoto wa marehemu na umri wao, na mahali alipozikwa. Fomu ile ilikuwa ndefu mno na mwaka uliofuata ikapunguzwa. Kabla ya hapo kuna vitabu vya parokia, ambavyo vina mapengo. Vyote hupatikana kupitia tovuti ya ScotlandsPeople. Picha unayoiona kwenye skrini inafaa kwa utafiti tu. Kwa maombi agiza nakala iliyothibitishwa na msajili. Kwa upande wa Uingereza na Wales, usajili unaanzia Julai 1837.

Aliyezaliwa, kuoa au kufa Kenya atahitaji nakala kutoka kwa msajili wa Kenya, na vitabu vya kanisa husaidia pale ya serikali inapokosekana. Josslyn Hay mwenyewe amezikwa Kiambu, katika kanisa la St Paul. Linganisha tahajia ya majina kwenye kila karatasi. Jina likiandikwa kwa namna mbili, andaa maelezo mapema.

Nne, andika ombi na tamko la kiapo

Ombi huelekezwa kwa Lord Chancellor, waziri anayesimamia sheria. Liwe fupi na kavu. Aya ya kwanza inataja cheo, lini kilitolewa, na kwa warithi gani. Ya pili inataja mwenye cheo wa mwisho na tarehe ya kifo chake. Zinazofuata zinashuka kizazi kwa kizazi: fulani alimwoa fulani siku fulani, wakazaa hawa, huyu alikufa bila mtoto, cheti namba fulani kimeambatishwa. Aya ya mwisho inaomba jina lako liingizwe kwenye Daftari la Wenye Vyeo. Sifa za ukoo na vita walivyopigana mababu havina nafasi humo.

Pamoja na ombi huenda tamko la kisheria chini ya sheria ya 1835, unalolitoa mbele ya wakili au mthibitishaji. Ni vizuri sana kuwa na tamko jingine la ndugu mzee au mtu aliyeijua familia kwa muda mrefu, akieleza ndoa na watoto anaowafahamu. Mchukulie mzee huyo maelezo yake mapema, angali ana kumbukumbu.

Tano, peleka maombi na ungoje

Maombi hupitia Crown Office, katika jengo la Bunge, London. Daftari lenyewe lilianzishwa kwa amri ya Malkia ya 1 Juni 2004, nalo hutunzwa kwa kushauriana na Garter, mkuu wa mambo ya nembo Uingereza, na Lord Lyon, mwenzake wa Uskoti mwenye ofisi New Register House, Edinburgh. Cheo cha Kiskoti hutazamwa na Lord Lyon. Asiyekuwamo kwenye daftari hataitwa kwa cheo chake katika nyaraka rasmi, hata kama damu yake haina shaka.

Mabaroneti wana daftari lao, lililoanzishwa kwa amri ya mwaka 1910, na ombi lake ni la peke yake. Mtoto wa Diana, Merlin Hay, alirithi vyeo vya aina zote mbili: uearl aliurithi kwa mama mwaka 1978, ubaroneti kwa baba yake, Sir Iain Moncreiffe, mwaka 1985. Uongozi wa ukoo na nembo pia ni ombi jingine, kwa Lord Lyon, na huko jina la ukoo lina uzito. Merlin alitumia jina la Hay ili awe mkuu wa Hay, na mdogo wake Peregrine akabaki Moncreiffe na kuuongoza ukoo wa baba.

Akijitokeza mpinzani, au ushahidi ukiwa na utata, suala huweza kupelekwa kwa majaji wa Baraza la Faragha. Hapo tafuta wakili aliyebobea, na ujiandae kwa gharama.

Kama hukitaki cheo

Sheria ya 1963 inakupa miezi 12 tangu uliporithi kukikataa kwa maandishi. Aliyerithi akiwa chini ya miaka 21 huhesabiwa kuanzia anapofikia umri huo. Alec Douglas-Home aliukataa uearl wa Home, wa mwaka 1605, Oktoba 1963 ili aweze kuhudumu kama waziri mkuu akiwa katika Baraza la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa. Kukataa ni kwa maisha yako tu. Alipofariki mwaka 1995, mwanawe David akawa Earl wa 15.

Usichopata, na usichopaswa kulipia

Cheo hakiji na ardhi, wala mshahara, na tangu sheria ya 1999 kurithi hakukupi kiti bungeni. Cheo cha aina hii hakiuzwi. Ubaron wa kale wa ardhi ya Kiskoti, ambao tangu 28 Novemba 2004 umetenganishwa na ardhi, huweza kuuzwa, lakini si sawa na ulodi tunaouzungumzia, na hauingii kwenye daftari lile. Wapo pia wanaouza mtandaoni kipande cha ardhi cha ukumbusho, futi moja ya mraba, na kumwambia mnunuzi kwamba sasa ni lodi. Kipande hicho hakisajiliwi katika rejista ya ardhi ya Uskoti, na Lord Lyon hakitambui kama msingi wa cheo wala wa nembo. Ukiwa na shaka juu ya ofa yoyote, andika kwa ofisi ya Lord Lyon kabla hujatuma pesa.