Mashine ya kukata majani imeishiwa nguvu? Anzia kwenye kisu, siyo kwenye kabureta

Masika yakiisha hapa Arusha, majani ya Njiro, Sakina na Ilboru yanakuwa yameshika kasi, na mashine zinaanza kuletwa kwa mafundi. Malalamiko ni yale yale: "Fundi, injini haina nguvu, inazimika ikiingia kwenye majani." Nyingi zinafika kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ikiwa imeshafunguliwa. Mimi naanzia chini, kwenye kisu, na mara nyingi tatizo linaishia huko huko. Mwongozo huu ni wa mashine ya kusukuma inayotumia petroli, yenye kisu kimoja kinachozunguka kikiwa kimelala chini ya bodi.

Kwanza uelewe inavyokata

Mkasi una makali mawili yanayokutana. Mashine hii ina kisu peke yake, hakuna kitu cha kulibana jani ili likatwe. Kinachokata ni mwendo. Shafti ya injini imesimama wima, inatokeza chini ya bodi, na kisu kimefungwa kwenye ncha yake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha za kisu cha sentimita 46 zinakwenda zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Jani halipati muda wa kuinama.

Angalia pia mikia ya kisu, pale nyuma ya makali palipokunjwa kwenda juu. Hiyo ndiyo feni. Inavuta hewa, majani yanasimama yakatwe, kisha inayarusha kwenye mfuko. Makali yakiisha au hewa ikizibwa, injini inabeba mzigo usio wake.

Na sisi wa huku juu tuna jambo la ziada. Injini ya namna hii hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata mashine mpya inafanya kazi ikiwa na pungufu ya asilimia 15 au zaidi kidogo. Wenzetu wa mji wa Moshi, walio chini yetu, wanapoteza kama asilimia 10. Hatuna nguvu ya kuchezea kwa kisu butu.

Hatua ya 1: Chomoa waya wa plagi

Zima, subiri ipoe, chomoa waya na uuweke mbali na plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli. Kisu kimeungana na shafti, kwa hiyo ukikizungusha kwa mkono unaizungusha injini, na inaweza kuwaka. Kama kijana wa bustani ndiye anayeisafisha, mfundishe hili kabla ya kitu kingine chochote, na mnunulie buti. Kidole hakina spea.

Hatua ya 2: Ilaze upande sahihi

Eya klina (chujio la hewa) na plagi vitazame juu. Ukiilaza kinyume, oili inaingia kwenye kabureta na kulowesha eya klina, halafu ukiwasha unapata wingu la moshi mweupe na kudhani injini imekufa.

Hatua ya 3: Kwangua chini ya bodi

Majani mabichi ya kikuyu yakigandia yanakauka na kuwa tabaka gumu. Kwangua kwa kipande cha ubao, malizia kwa brashi. Usipige maji injini.

Hatua ya 4: Kisu

Hapa usiharakishe. Weka kipande cha ubao kati ya kisu na bodi ili kisizunguke, kisha fungua bolti. Kwa mashine nyingi inafunguka kinyume cha mshale wa saa. Kabla hujakitoa, weka alama ya chaki upande unaotazama ardhi. Kikirudishwa juu chini, kinapigapiga majani bila kukata.

Kikague juani. Mchanga wetu wa volkano unakula mikia kabla ya makali: utakuta chuma kimekuwa chembamba pale kinapoanza kukunjika, wakati makali bado yanaonekana mazima. Kisu kilicholika hivyo, chenye ufa au kilichopinda, hakinolewi. Na nasema hili kwa msisitizo, kisichomelewe. Kipande kinachokatika kwa mwendo ule kinaweza kuua mtu. Nunua kipya.

Kilicho kizima kibane kwenye jiriwa, unoe kwa tupa upande wa juu tu, ukifuata mteremko wake wa asili, ambao ni kama nyuzi 30. Sukuma tupa kuelekea mbele, usirudi nayo ikiwa imegusa chuma. Pitisha kidole taratibu upande wa chini, kutoka katikati kwenda nje: ukisikia ukingo mdogo unaokwaruza urefu wote wa makali, umefika. Usitafute ukali wa wembe, maana makali membamba yanajikunja kwenye kokoto ya kwanza. Grenda inafanya kazi haraka, lakini chuma kikigeuka bluu kimepoteza ugumu wake, kwa hiyo mimi nabaki na tupa.

Sasa pima uzito. Pigilia msumari ukutani, tundika kisu kwa tundu la katikati. Upande unaoshuka ndio mzito, uupunguze kidogo kidogo kwa tupa mpaka kisu kitulie kikiwa kimelala sawa. Wengi wanairuka hatua hii. Kisu kisicho sawa kinatetemesha shafti, oili sili ya chini (mpira unaozuia oili isivuje) inaisha, na oili inaanza kudondokea kwenye majani.

Rudisha, kaza bolti kwa nguvu inayotajwa kwenye kitabu cha mashine. Utajua kazi yako ni nzuri ukitazama bustani kesho yake: jani lililokatwa vizuri lina ncha iliyonyooka na ya kijani, lililochanwa na kisu butu lina nyuzi nyuzi nyeupe na linageuka kahawia.

Kama mashine iligonga jiwe ikazimika ghafla, na Ilboru mawe meusi hayaishi, kuna kijipande cha chuma laini kinachoshikanisha flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini) na shafti. Kikikatika, moto unapiga wakati usio wake: injini inagoma kuwaka au inairudisha kamba kwa teke. Spea yake ni ndogo. Ila shafti yenyewe ikipinda, usikubali inyooshwe kwa nyundo.

Hatua ya 5: Eya klina

Kuanzia Julai mpaka Oktoba vumbi halina huruma. Ya sponji ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikauke kabisa, itie oili kidogo na uikamue. Ya karatasi igongegonge tu. Ikiwa nyeusi, badilisha. Usiioshe, wala usiipulizie upepo wa kompresa.

Hatua ya 6: Oili na plagi

Mashine mpya, mwaga oili baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila saa 50. SAE 30 inafaa huku kwetu, na injini nyingi hizi zinachukua kama nusu lita. Plagi isafishwe, pengo lake liwe milimita 0.7 hadi 0.8. Injini hii ni ya stroku nne: usiiwekee ule mchanganyiko wa petroli na oili wa msumeno wa mnyororo.

Hatua ya 7: Kabureta, mwisho kabisa

Kiangazi mashine ikikaa zaidi ya mwezi, petroli inaharibika na kuacha utando. Kabla ya kuihifadhi mwaga tanki, iwashe mpaka ijizime yenyewe. Kama bado inawaka kwa choki tu (ile inayopunguza hewa wakati wa kuwasha) na kuzima ukiiondoa, ndipo ufungue. Jeti, lile tundu dogo linalopitisha petroli, izibue kwa sprei ya kusafishia na uzi wa nailoni. Usichokonoe kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka mashine itatoa moshi mweusi na kumaliza petroli mpaka ubadilishe jeti.