Umehamia nyumba mpya na jirani analalamikia mbwa: hatua kwa hatua

Lori la mizigo limeondoka Jumamosi, na kufikia Jumanne jirani ameshabisha hodi: mbwa wako hawamwachi alale. Kwa wanaohamia Goba, Madale, Chanika au Kigamboni, ambako ukuta unagusana na ukuta na nyumba nyingi zenye geti zina mbwa, hili si jambo geni. Linatatulika. Kosa kubwa ni kuanza na mdomo wa mbwa, yaani kumfokea, kumchapa, kumfunga mnyororo, wakati chanzo kiko kwenye mchana wake na mahali ulipoweka banda. Mpangilio ulio hapa ni wa mbwa wawili au watatu wa ulinzi kwenye kiwanja cha kawaida cha Dar es Salaam. Tenga wiki sita.

Kwanza elewa kwa nini mbwa aliyekuwa mtulivu anageuka mpiga kelele. Kule alikotoka alishajua hatua za mlinzi wa jirani, honi ya bodaboda ya asubuhi na paka anayepita juu ya ukuta. Hapa kila sauti ni mgeni. Bado hajajua mpaka wake unaishia wapi, kwa hiyo anaulinda mtaa mzima.

Hatua ya 1: Nenda kwa jirani leo

Usingoje arudi mara ya pili. Nenda mwenyewe, jioni kabla ya magharibi. Ukimtuma dada wa kazi au mlinzi akuombee radhi, jirani atahesabu kwamba umemdharau. Usiende na mbwa, na badilisha nguo ulizokuwa nazo bandani. Katika familia nyingi za Kiislamu za pwani, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu wa nyumba hiyo ana hofu ya pili ambayo huenda asiitamke: mbwa kumgusa akiwa anaelekea msikitini. Mhakikishie kwamba mbwa hawatoki getini bila mkanda, kisha hakikisha ni kweli.

Maneno yawe machache:

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye jirani yako mpya wa hapa pembeni. Nimekuja kuomba radhi kwa kelele za mbwa. Nimeanza kulishughulikia, ila naomba unisaidie mambo mawili: zinakuzidi saa ngapi, na zinaingilia chumba kipi?"

Maswali hayo mawili si adabu tu. Saa itakuambia chanzo, na chumba kitakuambia banda lihamie wapi. Usiahidi ukimya, kwa sababu utavunja ahadi usiku huohuo. Ahidi kitu chenye siku yake: "Banda litahama Jumamosi." Acha namba ya simu na umwombe akutumie ujumbe muda uleule kelele zinapoanza, hata iwe saa nane usiku. Sentensi inayoharibu mazungumzo haya kuliko nyingine zote ni "hao ni mbwa wa ulinzi, ndiyo kazi yao." Ikishatoka, safari inayofuata ya jirani ni kwa mjumbe.

Hatua ya 2: Usiku tatu na daftari

Chora safu tano: saa, dakika ngapi, nani alianza, alielekea wapi, nini kilimwanzisha. Mchana ukiwa kazini, acha simu ya zamani ikirekodi sauti karibu na dirisha lililo upande wa jirani. Baada ya siku tatu utaona mpangilio.

Kubweka kwa haraka, kwa mfululizo, uso ukielekea getini, ni tahadhari: anaona au anasikia mtu. Kubweka mara moja moja kwa mwendo uleule, nusu saa nzima, bila kuelekea popote, ni uchovu wa kukaa bure. Kelele zinazoanza muda mfupi baada ya wewe kutoka, pamoja na kukwangua mlango au kujisaidia ovyo, ni hofu ya kuachwa. Mlio mrefu wa kuvuta wakati wa adhana ya alfajiri au king'ora kikipita ni kuitikia sauti ndefu tu. Huisha sauti ile inapoisha, na hauna haja ya adhabu yoyote.

Safu ya "nani alianza" ndiyo yenye thamani zaidi. Kwenye kundi la mbwa watatu, mara nyingi mmoja huanzisha na wengine hufuata. Ukimtuliza huyo mmoja, umepunguza kazi.

Hatua ya 3: Hamisha banda

Mafundi wengi hujenga banda kwenye kona ya nyuma, likiegemea ukuta wa mpaka, kwa sababu ukuta mmoja tayari upo na tofali zinaokolewa. Upande wa pili wa ukuta huo, kwa bahati mbaya, ndipo penye dirisha la chumba cha kulala cha jirani.

Mahali pa wazi, sauti hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Banda lililo mita 3 kutoka dirisha la jirani likisogezwa hadi mita 12, umepunguza desibeli 12 hivi, na sikio la mtu huona pungufu la desibeli 10 kama sauti imeshuka nusu. Nyumba yako ikikaa katikati ya banda na dirisha hilo, inapungua zaidi. Hakuna mafunzo ya mbwa yatakayokupa matokeo hayo kwa siku moja.

Kama huwezi kulihamisha, geuza mlango. Banda la tofali lenye mlango wa nondo hufanya kazi kama tarumbeta: sauti hugonga kuta tatu na kutokea mlangoni. Mlango uelekee kwenye nyumba yako. Chini ya bati pigilia plaiwudi, kwa sababu bati tupu hutetemeka na kuongeza mlio. Acha matundu ya hewa juu ya kuta mbili zinazotazamana, kwani joto la Dar litamfanya asilale, na asiyelala hubweka. Sakafu iinuliwe kama sentimita 10 kwa mbao au paleti. Kila mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala akiwa amenyoosha miguu.

Tandiko la nyumba ya zamani usilifue. Liweke bandani hivyohivyo kwa wiki mbili. Harufu yake ndicho kitu pekee anachokitambua hapa.

Kwa mbwa wanaozurura uani usiku, weka wavu imara wa chuma wenye urefu wa mita moja na nusu, mita 2 au 3 kutoka ukuta wa jirani, wasiweze kuufikia. Miti na michongoma ni mizuri kwa kuziba macho, lakini usiitegemee kuzuia sauti. Watu hupanda safu moja ya miashoki na kusubiri kimya ambacho hakiji.

Hatua ya 4: Pindua siku ya mbwa

Hapa ndipo tatizo la mbwa wengi wa ulinzi lilipo. Wanafungiwa tangu alfajiri hadi saa nne usiku, kisha wanafunguliwa kulinda. Mnyama aliyelala mchana kutwa anatoka na nguvu zote wakati mtaa unazima taa, na kitu pekee cha kufanya uani ni kubweka. Ratiba ifuatayo inamchosha mchana ili usiku alale kwa sikio moja, abweke penye sababu.

Saa kumi na mbili asubuhi, matembezi ya dakika 30 hadi 40 kwa mkanda wa mita moja na nusu. Mwache anuse. Dakika kumi za kunusa humtuliza kuliko kukokotwa mbio. Kama huwezi kuwashika wawili kwa mkono imara, toka na mmoja mmoja, na pita njia isiyo na watoto wa shule.

Saa mbili asubuhi, theluthi ya chakula. Siku mbili au tatu kwa wiki, badala ya bakuli, tawanya konzi ya dagaa wakavu kwenye majani ya uani awatafute mwenyewe.

Mchana asifungiwe muda wote. Akiwa uani, awe na kivuli, maji na kitu cha kutafuna. Mfupa mbichi wa paja la ng'ombe unafaa, uliopikwa haufai kwa sababu hupasuka vipande vikali. Siku za joto gandisha supu ya mifupa kwenye bakuli la plastiki, igeuze itoke, umpe bonge hilo la barafu. Supu isiwe na chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa.

Saa kumi na moja jioni, matembezi mengine na dakika kumi za zoezi la hatua ya 6.

Saa mbili usiku, theluthi mbili za chakula zilizobaki, kwa mfano ugali wa dona na dagaa au nyama. Chakula kije angalau saa moja baada ya mazoezi, na asikimbizwe baada ya kula. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, kama German Shepherd, wanaweza kujaa gesi na tumbo kujisokota, na hiyo huua ndani ya saa chache.

Kinachokwamisha ratiba hii ni wikiendi. Mwenye nyumba akilala hadi saa tatu Jumapili, usiku wake jirani atajua.

Hatua ya 5: Ziba geti

Geti la nondo humwonyesha mbwa kila bajaji, kila boza la maji, kila mtoto wa jirani. Ziba kwa bati bapa kuanzia chini hadi kimo cha mita moja na nusu, au funga neti ya kivuli ya asilimia 80, yaani inayoziba asilimia 80 ya mwanga, kama geti si lako na hutaki kuchomelea. Ziba pia uwazi wa chini ya geti. Mbwa akilala na pua pale, anaona miguu ya wapita njia wote. Mlinzi akatazwe kabisa kuwachokoza mbwa ili "wawe wakali". Kila akifanya hivyo anakurudisha nyuma.

Hatua ya 6: Fundisha "kimya"

Mtu mmoja afundishe, nyumba nzima itumie neno lilelile. Anza na yule mwanzishaji, peke yake, jioni.

Mwombe mtu agonge geti. Mwache mbwa abweke mara mbili au tatu. Sema "kimya" mara moja, kwa sauti ya kawaida, na sogeza dagaa au kipande cha ini kilichochemshwa puani mwake. Hawezi kunusa kwa makini na kubweka kwa pamoja, kwa hiyo atanyamaza. Hesabu sekunde 2, mpe. Rudia mara nane. Kesho yake subiri sekunde 5, halafu 10, halafu 30. Akifeli mara mbili mfululizo, rudi muda uliopita. Akifika sekunde 30, ondoa chakula mkononi, kikae mfukoni, kitoke baada ya ukimya.

Ukipiga kelele "kimya! kimya! kimya!" yeye anasikia kwamba na wewe unabweka, na anakuunga mkono. Vilevile ukitoka na chakula anapobweka bandani, umemlipa kwa kubweka. Subiri anyamaze sekunde chache ndipo ufungue mlango.

Tarajia kelele kuongezeka kwa siku chache mwanzoni. Kubweka kulikuwa kunamletea kitu, sasa hakuleti, basi anajaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuacha. Wengi hukata tamaa hapo na kumpa anachotaka, na mbwa anajifunza kwamba dawa ni kubweka muda mrefu zaidi. Mwambie jirani mapema kwamba siku hizo zinakuja.

Yasiyofaa kabisa

Usimfunge mdomo kwa kamba wala kumvisha kizuia mdomo usiku kucha. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi, na akizuiwa kwenye joto anaweza kufa. Usimpe dawa za usingizi za binadamu. Mnyororo mfupi huongeza kubweka, kwani mbwa asiyeweza kusogea anatumia sauti kufukuza kila kitu. Na kwa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza ukatili wa aina hizi.

Mwite daktari wa mifugo iwapo

Mbwa jike yuko joto, yaani anataka dume: hali hiyo hudumu kama wiki tatu, na madume ya mtaa yatakesha getini kwako. Kuhasi huondoa tatizo hilo. Mbwa mzee anabweka usiku bila sababu: aangaliwe masikio, viungo na macho. Mbwa anayetikisa kichwa au kujikuna bila kukoma aangaliwe kupe na masikio. Sauti ikibadilika ghafla, mate yakitiririka, akashindwa kumeza au akauma vitu ovyo, msimguse, mtengeni na mpige simu mara moja. Hizo ni dalili za kichaa cha mbwa. Chanjo ya kila mwaka iwe na kadi yake, na kadi hiyo mwonyeshe jirani unapokwenda kuomba radhi. Inatuliza kuliko maneno.

Hatua ya 7: Ukiitwa serikali ya mtaa

Wakati mwingine jirani ameshafika kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hujamaliza. Nenda siku uliyoitwa. Kelele zina kanuni zake za viwango tangu 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo usiende ukidhani "mbwa kubweka si kosa". Beba daftari la usiku tatu, kadi za chanjo, picha za banda kabla na baada ya kuhama, na ujumbe wa simu kati yako na jirani.

Eleza yaliyokwishafanyika kwa tarehe, kisha yaliyobaki kwa tarehe. Omba makubaliano yaandikwe: saa ambazo mbwa watakuwa ndani ya banda, siku ya kukamilisha wavu, na siku ya kukutana tena, tuseme baada ya wiki nne. Pande zote mbili zisaini, mwenyekiti agonge muhuri, kila mmoja abaki na nakala. Siku hiyo ya kukutana usiingoje ofisini. Pita kwa jirani jioni ya kuamkia siku hiyo, umuulize usiku wa wiki iliyopita ulikuwaje, na uandike jibu lake kwenye daftari lilelile.